Kiwango cha Kufika Kituoni

Besiboli bado ni changa Tanzania, na istilahi zake nyingi tumezichukua na vumbi lake: auti, straiki, besi. Auti sina ugomvi nayo. Besi ndiyo inayonikera. Ile mito bapa iliyo kwenye pembe za uwanja, ambayo mkimbiaji akiigusa anapumua, ina jina la Kiswahili lililokwisha kutembea kwa miguu: kituo.

Kituo hutokana na kutua, na nani alijua kutua kuliko mpagazi? Katika njia ya kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, iliyopitia Unyanyembe ilipo Tabora ya leo, Wanyamwezi walibeba nguo kwenda bara na pembe za ndovu kwenda pwani, mzigo mmoja ukifika kilo 30 na kuzidi. Mtumba wa nguo ulifungiwa fito ndefu, ili ukiegemezwa mtini usiguse udongo na mwenyewe asihangaike kuutwika tena. Mwenye msafara alihesabu mizigo iliyofika. Aliyetoka mbio alfajiri akaanguka njiani hakumfaa.

Wamarekani walichelewa kuhesabu hivyo. Kwa miaka mingi mpigaji alipimwa kwa wastani wa upigaji, yaani mapigo yaliyomfikisha kituoni kugawanya kwa majaribio yake. Ila mrushaji akirusha mipira minne nje ya eneo la kupigia, mpigaji asishawishike, hupewa kituo cha kwanza bure, na wastani huo haulihesabu tukio hilo kabisa. Kiwango cha kufika kituoni hulihesabu. Tuseme wachezaji wawili wameingia mara kumi kumi. Wa kwanza kapiga vizuri mara tatu, saba katolewa: 0.300 kwa vipimo vyote viwili. Wa pili kapiga mara mbili, mara mbili akapewa kituo: wastani wake ni 0.250 tu, lakini kiwango chake ni 0.400. Huyo wa pili ndiye ningemtanguliza. Kipimo hiki kilianza kuwa takwimu rasmi ya ligi kuu mwaka 1984.

Mpira wa kilomita 145 kwa saa hufika kwa mpigaji kwa takriban sekunde 0.4, na katika muda huo ni lazima aamue kama unastahili gongo. Ted Williams wa Boston aliamini kazi ya kwanza ya mpigaji ni kusubiri mpira unaopigika. Mwaka 1941 wastani wake ulikuwa 0.406, nao ndio unaoimbwa. Kiwango chake cha kufika kituoni mwaka huohuo, 0.553, hutajwa kwa nadra. Kile cha maisha yake yote, 0.482, hakijapitwa na mtu.

Limebaki neno moja. Mkimbiaji akiwa kituoni na mwenzake wa tatu akatolewa, zamu huisha na safari yake haina hesabu. Misafara ilikuwa na terekeza, mwendo wa alasiri wa kuvuka nyika kavu, ambapo watu walilala popote giza lilipowakuta, pasipo maji. Leo tuna neno linalofanana nalo, telekeza, yaani kumwacha mtu bila msaada. Mkimbiaji wetu basi ametelekezwa kituoni, na kwenye jedwali la matokeo safu yake iandikwe hivyo: waliotelekezwa.