Skai ya gari la zamani: uhai wake ni mafuta yaliyomo ndani

LUBUMBASHI – Katika mji wetu magari ya miaka ya 1960 na 1970 hayajaisha. Siku ya harusi utaona Peugeot 404 au Volkswagen ya zamani ikitoka uani, imefungwa maua, na watu wanasimama kuitazama. Lakini mlango ukifunguliwa, mara nyingi viti ndivyo vinavyomtia mwenye gari aibu: skai imekauka, imepasuka kando ya mshono, sponji inachungulia. Fundi wa viti atasema, «Toa yote, tushone mpya.» Kabla ya kukubali, ndugu msomaji, ni vizuri tujue skai ni kitu gani na imetoka wapi, kwa sababu historia yake ndiyo inayotufundisha kuitunza.

Magari ya kwanza yalifunikwa viti kwa ngozi ya mnyama, kama magari ya farasi. Ngozi ni ghali, kwa hiyo viwanda vikatafuta kitu cha kuifananisha. Walichukua kitambaa wakakipaka nitroselulosi, jamii moja na baruti isiyo na moshi. Kitambaa kimoja cha namna hiyo kiliitwa Fabrikoid, na kampuni ya DuPont ya Marekani ilikinunua kiwanda chake mwaka 1910. Kwa macho kilipendeza, lakini kilipasuka kwenye mikunjo na kilishika moto upesi.

Vinili yenyewe ilikuwa imekwisha kuonekana zamani. Mwaka 1872 mwanakemia Mjerumani Eugen Baumann aliona gesi ya vinili kloridi, iliyoachwa ndani ya chupa juani, ikigeuka kitu kigumu cheupe. Hakuna aliyejua cha kufanya nacho, maana kilikuwa kigumu na kilivunjika.

Jibu lilitoka kwenye kiwanda cha mpira. Sisi Wakongomani tunajua mpira uligharimu nini. Baada ya Dunlop kutengeneza tairi ya upepo mwaka 1888, mahitaji ya mpira yalipanda, na watu wetu wakalazimishwa kuukusanya msituni chini ya Leopold II. Biashara ya tairi ikakuza viwanda vikubwa, kimojawapo B.F. Goodrich, mjini Akron, Marekani. Huko, mwaka 1926, Waldo Semon alikuwa anatafuta gundi ya kushikamanisha mpira na chuma. Alichemsha ile vinili ngumu ndani ya kimiminika kizito chenye mafuta, na ilipopoa akakuta kitu laini, kinachopindika na kurudi, kisichopitisha maji. Gundi hakuipata, lakini alipata njia ya kuilainisha vinili.

Baada ya vita kuu ya pili, vinili hiyo laini ilipakwa juu ya kitambaa, ikachapwa alama za ngozi, ikaingia ndani ya magari. Mercedes-Benz waliita yao MB-Tex. Mwaka 1958 kampuni ya Hornschuch ya Ujerumani ilitoa yake kwa jina la Skai. Wafaransa wakalifanya jina hilo kuwa la kila ngozi ya bandia, na kwa njia ya Kifaransa likatufikia sisi. Ndiyo sababu hata kiti ambacho hakijawahi kupita kiwanda hicho tunakiita cha skai.

Sasa tuangalie siri yenyewe. Skai si ngozi. Ngozi ina vitundu na hunywa mafuta unayoipaka. Skai ilizaliwa na mafuta yake ndani, yaani kile kilainisho cha Semon, ambacho kinaweza kufika theluthi ya uzito wa tabaka la juu. Kwa joto hutoka kidogo kidogo. Ule ukungu wa mafuta unaofuta kwenye kioo cha mbele, upande wa ndani, sehemu yake ni kilainisho kilichotoka. Kikitoka sana, skai hukakamaa na kupasuka, na jua nalo hukata minyororo ya vinili yenyewe. Jua lililomwonyesha Baumann vinili ndilo linaloiharibu.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Viti vya gari la marehemu baba vilikuwa vimejaa vumbi jekundu la kiangazi. Nikachukua kitambaa na esansi, nikapangusa kiti cha mbele. Siku ile kiling'aa, kila mtu akasifu. Kabla mwaka haujaisha kilikuwa kigumu kama jerikani, na kikapasuka pale pale baba alipozoea kukaa. Esansi iliondoa uchafu na ikaondoka na kilainisho pia. Petroli ya taa na dawa ya kuondoa rangi ya kucha hufanya kazi hiyo hiyo. Javeli huchosha rangi na kuozesha nyuzi za mshono. Mafuta ya mawese hayaingii ndani: hubaki juu, hunata, na kualika vumbi.

Njia nzuri ni ya polepole. Kwanza ondoa vumbi kwa brashi laini, maana mchanga ukisuguliwa hukwaruza. Chukua maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kidogo, sugua taratibu kwa mswaki mzee ndani ya alama za skai. Usimwage maji mengi, yatapita kwenye mshono na kuozesha sponji. Pangusa mara mbili kwa kitambaa cha maji safi, kisha kausha kivulini. Ukipata dawa ya vinili iliyotengenezwa kwa maji na yenye kinga ya jua, paka kidogo sana, kisha futa inayobaki. Dawa hiyo hailishi skai wala hairudishi kilichotoka. Kazi yake ni kupunguza ukali wa jua. Kama huna, egesha chini ya mwembe, acha vioo wazi kidogo, tandika kitambaa juu ya viti. Hayo hayana bei.

Skai iliyokwisha kukakamaa hailainiki tena. Kiti cha mbele cha baba tulilazimika kukishona upya. Cha nyuma, ambacho sikukigusa kwa esansi, kilisafishwa kwa sabuni tu na kingali laini. Kina doa la wino la siku baba alipoandika hesabu zake akiwa safarini. Fundi alisema analo dawa kali ya kulitoa. Tulimwambia aliache.