Tamaa: Utamu Unaoteketeza

Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Hakuna anayeketi kwa nia ya kulimaliza buyu. Kila achovyaye huchovya mara moja tu, na kila mara ni tamu. Ndivyo tamaa isiyotawaliwa inavyomteka mwanadamu. Makala hii inaeleza Kanisa linafundisha nini juu ya tamaa, inageukaje kuwa uraibu, na njia ya kutoka humo ni ipi.

Maana ya maneno

Kutamani siyo dhambi. Mkulima hutamani mavuno, kijana hutamani mwenzi, mtawa hutamani kuuona uso wa Mungu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (Na. 1767) inafundisha kwamba misukumo ya moyo yenyewe si mema wala si mabaya, bali hupata uzito wa kimaadili kadiri inavyohusika na akili na utashi. Tamaa mbaya ni ule mwelekeo wa kutenda dhambi unaobaki ndani yetu hata baada ya Ubatizo. Mwelekeo huo haumdhuru yeye asiyeukubali, anayeupinga kwa neema ya Kristo (Na. 1264). Mtume Yohane anautaja katika sura tatu: tamaa ya mwili, tamaa ya macho na kiburi cha uzima (1 Yoh 2:16).

Neno uraibu nalo lina historia yake. Zamani huko pwani liliitwa hivyo lile tafuno la tambuu, popoo, chokaa na tumbaku. Ni kitu kilichoburudisha kinywa, na leo jina lake ni jina la utumwa.

Tanuru lisilovukutwa

Sisi wa Ufipa tunao mfano wa jambo hili karibu na nyumba zetu. Wazee wetu walikuwa mafundi hodari wa chuma. Tanuru lao, ilungu, lilijengwa kwa udongo likapita kimo cha mtu, na mabaki ya malungu hayo yangali yakionekana katika nyanda zetu. Padre Wyckaert, Mmisionari wa Afrika, aliandika habari za wahunzi wa huku katika jarida la Anthropos mwaka 1914.

Ajabu ya ilungu ni kwamba halikuhitaji mivukuto. Likishawashwa, joto lilipanda juu. Lilipopanda likavuta hewa kwa matundu ya chini. Na hewa hiyo ikauzidisha moto. Tamaa iliyozoeleka hufanya vivyo hivyo. Mwanzoni mtu huichochea kwa mkono wake. Baadaye hujichochea yenyewe, na mwenye nyumba hubaki kuitafutia kuni.

Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu aliyezaliwa Tagaste mwaka 354, aliyajua hayo kwa kuyaishi. Katika Maungamo yake anaeleza jinsi utashi uliopotoka ulivyozaa tamaa, tamaa iliyotumikiwa ikazaa mazoea, na mazoea yasiyopingwa yakawa lazima. Ni pete zilizoshikana zikawa mnyororo. Hata alipomwomba Mungu usafi wa moyo, aliogopa asije akasikilizwa upesi, kwa kuwa utamu ule ulikuwa bado mdomoni. Alibatizwa na Mtakatifu Ambrosi mjini Milano, Pasaka ya mwaka 387.

Katika mazingira yetu

Baada ya mavuno mahindi huuzwa na fedha huingia mkononi. Ndipo kilabu hujaa. Kikombe cha kwanza ni cha furaha na cha pili ni cha urafiki, lakini kuna anayefika mahali ambapo ada ya mtoto imekunywewa na mbolea ya msimu ujao imekunywewa. Wengine kilabu chao kiko mfukoni, ndani ya simu. Kijana hubeti kwa fedha kidogo, hukosa, hubeti tena ili arudishe alichokosa. Michezo ya bahati siyo kosa kwa asili yake, lakini haikubaliki inapomnyang'anya mtu mahitaji yake na ya wale anaowatunza (Na. 2413). Mwingine hutazama picha chafu usiku, na asubuhi hawezi kumtazama mkewe kwa heshima.

Dalili ya uraibu ni hii: kiasi huongezeka, raha hupungua, na mtu huanza kuficha.

Njia ya kutoka

Kwanza, ukweli. Kinachofichwa hukua. Sakramenti ya Kitubio ni mahali pa kukitaja kwa jina lake, pasipo kuogopa kuaibishwa. Mazoea yanaweza kupunguza uwajibikaji wa mtu (Na. 1735), kwa hiyo anayeanguka tena asikate tamaa, wala asilifanye fundisho hili kuwa kisingizio. Arudi.

Pili, kuziba matundu ya hewa. Anayebadili njia ya kurudi nyumbani ili asipite kilabuni, au anayekabidhi fedha za mahindi kwa mkewe, anapigana vita vya kiroho.

Tatu, msaada wa wengine. Jumuiya Ndogo Ndogo isimsengenye mlevi, bali imtembelee. Aliyekunywa sana kwa miaka mingi asiachishwe ghafla nyumbani, kwani anaweza kutetemeka, kuweweseka na hata kupata degedege, apelekwe hospitali. Daktari naye ni chombo cha huruma ya Mungu.

Nne, tamaa iliyo bora. Moyo mtupu hurudia buyu lake. Sala, Ekaristi Takatifu, kazi na upendo wa nyumbani hujaza pale palipoachwa wazi. Yule mwanamke Msamaria kisimani hakukemewa kwa kuwa na kiu, bali alionyeshwa maji yaliyo hai (Yn 4).

Chuma cha ilungu hakikuwa tayari kwa kazi kilipotoka. Kilipelekwa katika tanuru dogo, na huko mivukuto ilihitajika, pamoja na mikono na jasho la watu. Ndipo jembe likapatikana. Mungu hataki kuuzima moto uliomo ndani yetu. Anataka utoe jembe, nasi hatuna budi kushika mvukuto.