Oili Nzito kwa Injini Zilizoongezwa Nguvu: Kutoka Mafuta ya Mbarika hadi Karakana za Katindo

Injini ya petroli inapoongezwa nguvu, iwe kwa turbo, kwa kemshafti kali zaidi au kwa kupandisha mgandamizo, mzigo wa ziada huziangukia kwanza beringi za kranki. Humo chuma hakitakiwi kugusana na chuma. Kranki huelea juu ya utando wa oili, katika nafasi ya sehemu chache za mia za milimita. Mwaka 1883 Beauchamp Tower aligundua Uingereza kwamba oili iliyomo katika beringi inayozunguka hujijengea shinikizo lake yenyewe, na mwaka 1886 Osborne Reynolds akalieleza jambo hilo kwa hesabu. Unene wa utando huo hutokana na mambo matatu: mwendo wa mzunguko, uzito wa mzigo na mnato wa oili. Anayeongeza mzigo huku mwendo ukibaki palepale hana pa kukimbilia ila kwenye mnato. Hapo ndipo ilipoanzia desturi ya kuimiminia injini kali oili nzito, desturi iliyosafiri na magari hadi Goma, mji wa Kivu mashariki mwa Kongo.

Oili ya kwanza kusifika kwa kazi hiyo ilitoka shambani. Mafuta ya mbarika, mmea unaoota hata kandokando ya njia za Kivu, yana mnato mkubwa na hushika chuma vizuri kuliko mafuta ya madini ya wakati ule. Kampuni ya Charles Wakefield, iliyoanzishwa London mwaka 1899, iliyachanganya katika oili yake na mwaka 1909 ikaiita Castrol, jina lililotokana na mafuta hayo. Injini za ndege na za magari ya mashindano ziliyategemea kwa miongo kadhaa. Kasoro yake ni kwamba huganda na kuacha utomvu ndani ya injini, hivyo ilibidi yabadilishwe mara kwa mara.

Mnato nao ulihitaji kipimo ambacho kila fundi angekielewa. Mwaka 1911 chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, kilitoa madaraja ya kwanza ya oili. Katika mfumo wa leo, oili ya daraja la 30 ikiwa na joto la nyuzi 100 za Selsiasi huwa na mnato wa kati ya 9.3 na 12.5 katika kipimo cha milimita za mraba kwa sekunde. Daraja la 40 huanzia 12.5 hadi 16.3, la 50 hufika 21.9, na la 60 hufika 26.1. Namba inayofuatwa na herufi W hueleza jambo tofauti, yaani namna oili inavyotiririka injini inapowashwa katika baridi. Oili ya 5W hupimwa kwa nyuzi 30 chini ya sifuri, na ya 20W kwa nyuzi 15 chini ya sifuri. Miaka ya 1950 polima zilianza kutiwa katika oili ili chupa moja itosheleze namba zote mbili, na ndiyo asili ya oili kama 20W-50. Polima hizo zilikuwa na udhaifu: chini ya msuguano mkali hukatika vipandevipande, na oili iliyoanza ikiwa daraja la 50 ikajikuta ikifanya kazi kama ya 40.

Afrika Mashariki, jukwaa la kujaribia injini na oili lilikuwa Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalikimbizwa siku kadhaa katika vumbi, matope na milima, na mshindi mara nyingi alikuwa yule ambaye injini yake ilifika salama. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 kwa Volvo, kisha mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta alishinda mwaka 1973 kwa Datsun 240Z, halafu mara nne mfululizo kuanzia 1979. Toyota Celica yenye turbo ilitwaa ushindi mwaka 1984, 1985 na 1986. Turbo ilibadilisha hesabu ya oili. Mhimili wake huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, umepakana na moshi wa moto mkali, na oili inayobaki humo injini inapozimwa huungua ikawa masizi magumu. Uzito peke yake haukuizuia oili ya madini isiungue.

Jawabu lilikuwa limeandaliwa kwenye ndege. Ujerumani, katika miaka ya 1930 na 1940, mkemia Hermann Zorn alichunguza maelfu ya esta za kutengenezwa maabara, na baada ya vita injini za jeti zikategemea oili za jamii hiyo. Motul ya Ufaransa ilileta oili yake ya 300V, iliyojengwa juu ya esta, mwaka 1971. Mwaka uliofuata Amsoil ilitoa 10W-40 nchini Marekani, na mwaka 1974 Mobil 1 ikaingia sokoni humo. Mobil 1 hiyo ya awali ilikuwa 5W-20, nyepesi kabisa, kwa kuwa iliuzwa kwa sifa ya kubana matumizi ya petroli. Sintetiki kwa hiyo haikuzaliwa nzito. Iliyotaka uzito ni injini kali, nayo sintetiki ikaweza kuupata bila kutegemea polima nyingi, na bila kuungua upesi.

Mji wa Goma uliijua oili kwa njia yake. Katindo ni mtaa wa wilaya ya Goma, unaojulikana kwa kambi ya jeshi yenye jina hilohilo, na magari yake mengi hayajawahi kuwa ya mashindano. Wakimbizi karibu milioni moja walipoingia kutoka Rwanda mwezi Julai 1994, mashirika ya misaada yalifika na misafara ya malori na Land Cruiser za dizeli, na kuanzia 1999 ujumbe wa Umoja wa Mataifa ukaongeza msafara wake. Dizeli hizo hutumia kwa kawaida 15W-40. Pikipiki za Kihindi za wamotari, yaani waendesha bodaboda, nazo hutaka 20W-40 au 20W-50. Gari dogo la petroli, lililotumika Japani na kushushwa Mombasa au Dar es Salaam, huzikuta oili hizo mbili zikiwa tayari rafuni siku ya vidanje, yaani ya kubadilisha oili.

Mazoea ya kulitilia gari hilo oili ya dizeli yana mantiki kuliko yanavyoonekana. Kuna kipimo cha mnato kwa nyuzi 150 chini ya msuguano mkali, hali inayofanana na ya ndani ya beringi iliyoelemewa. Kwa daraja la 30 kiwango cha chini ni 2.9, kwa 5W-40 na 10W-40 ni 3.5, na kwa 15W-40 ni 3.7, sawa kabisa na kinachodaiwa kwa daraja la 50. Kwa upande wa utando, oili ya lori haikuwa chaguo baya kwa injini yenye mzigo. Ilichokosa, ikiwa ya madini, ni ustahimilivu wa moto wa turbo ya petroli.

Hali ya hewa ya Goma huongeza jambo ambalo maelekezo ya Ulaya hayalitaji. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, joto lake la wastani ni kama nyuzi 20, na asubuhi haikaribii barafu. Kwa hiyo namba iliyo mbele ya W ina uzito mdogo hapa: 20W-50 hutiririka vya kutosha, na atakayelipia 5W-50 kwa ajili ya baridi hatapata faida kubwa. Anacholipia ni sintetiki yenyewe, uwezo wa kuvumilia joto. Na joto lipo, ingawa hewa ni ya ubaridi. Kwenye mwinuko huo shinikizo la hewa limepungua kwa karibu sehemu moja ya sita. Hewa hiyo nyepesi huondoa joto kidogo kwenye rejeta, na turbo hulazimika kubana zaidi ili ifikie msukumo uleule, ikitoa hewa ya moto zaidi. Injini ya kabureta iliyorekebishwa pwani nayo huvuta petroli nyingi kupita kiasi ikifika Goma. Petroli isiyoungua huteremka kwenye kuta za silinda, huingia kwenye oili na kuipunguza mnato. Injini zilizoongezwa nguvu, ambazo kwa makusudi hupewa mchanganyiko wenye petroli nyingi ili kuzuia mlipuko usiodhibitiwa ndani ya silinda, hupatwa na jambo hilohilo.

Uchaguzi basi hufuata nafasi za beringi, joto la oili na kiasi cha petroli inayochanganyika nayo. Gari linalotakiwa na kitabu chake kutumia 5W-30, likiongezwa msukumo wa turbo kwa kiasi, kwa kawaida hupandishwa hadi 5W-40 au 10W-40 ya sintetiki. Daraja la 50 hufaa pale injini imejengwa upya kwa nafasi pana za beringi, au oili inapozidi nyuzi 120 kwa muda mrefu. Daraja la 60 ni la wachache: BMW ililiagiza, kwa oili ya 10W-60, katika injini ya M3 iliyotoka mwaka 2000, injini inayozunguka karibu mara 8,000 kwa dakika. Oili za 40 na 50 zina faida nyingine. Viwango vya Marekani vinavyobana kiasi cha fosforasi ili kulinda vichujio vya moshi huzihusu oili nyepesi za 20 na 30, hivyo zile nzito huweza kubeba zaidi kiungo cha zinki na fosforasi kinacholinda kemshafti.

Uzito ukizidi haja huleta hasara. Oili nzito mno hupita polepole katika nafasi nyembamba na hujipasha moto yenyewe. Pia huchelewesha vidhibiti vya vali vinavyoendeshwa kwa shinikizo la oili, na asubuhi hufungua mlango wa dharura wa filta hadi oili isiyochujwa ipite. Geji huonyesha shinikizo kubwa, lakini shinikizo hilo ni ukinzani wa oili dhidi ya pampu, wala si ushahidi kwamba beringi zinapata ya kutosha. Kupima kwa vidole hudanganya vilevile, maana kidole hupima oili ya nyuzi 20 ilhali beringi hufanya kazi kwenye nyuzi 130. Tena, vumbi la mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo, ambalo hukwangua pistoni likipenya, huzuiwa na filta ya hewa iliyo safi, na hakuna daraja la oili linaloweza kuchukua nafasi yake.