Uzi wa Ngege: Zana za Uvuvi na Ziwa Singidani

Mji wa Singida umekaa kati ya maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, yasiyo na mto wa kuyatoa maji yake, kwa hiyo hupanuka mvua zinapokithiri na kusinyaa kiangazi kinaporefuka. Perege wa asili wa maji ya namna hii ni yule anayepatikana pia Manyara, Eyasi na Kitangiri, ambaye huistahimili chumvi. Lakini aliyeipatia Singida jina katika vitabu vya samaki ni ngege, mwenyeji wa Ziwa Victoria aliyepandikizwa baadaye katika maji mengine ya bara, ambaye kwa Kiingereza huitwa perege wa Singida.

Ngege alielezwa kisayansi na Michael Graham baada ya uchunguzi wake wa Ziwa Victoria wa mwaka 1927 na 1928. Chakula chake ni mwani mdogo usioonekana kwa macho, anaouchuja majini, na kwa sababu hiyo chambo hakimvutii. Kinachomkamata ni wavu, na historia ya uzi wake ni historia ya wavu.

Nyavu za makila, zinazosimamishwa majini kwa maboya juu na chubwi chini ili samaki anase kwa mashavu, ziliingia Ziwa Victoria mwaka 1905 katika Ghuba ya Winam. Zilikuwa za kitani, uzi unaooza upesi usipoanikwa, na hivyo mvuvi alilazimika kuzitoa majini, kuzikausha na kuzishona kila mara. Pengine kero hiyo iliwapa samaki nafasi ya kupumua kuliko sheria yoyote. Nailoni ilipoenea katika miaka ya 1950, wavu uliweza kulala majini siku nyingi bila kudhurika.

Nailoni hiyo ilikuwa ya kusokotwa, nyuzi nyingi kwa pamoja, nene kiasi cha kuonekana. Iliyofuata ni timba, wavu wa uzi mmoja mmoja unaopenywa na mwanga, rahisi kununua na mgumu kwa samaki kuuona, ambao ukipotea huendelea kunasa bila mwenyewe. Kanuni za Uvuvi za Tanzania za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, zilizipiga marufuku nyavu za aina hiyo. Marufuku hayo yalikuta ngege wa Ziwa Victoria amekwisha kuadimika, akiwa amebanwa na nyavu za macho madogo, na baadaye na sangara na sato waliopandikizwa kuanzia miaka ya 1950, hata watafiti wakamtafuta katika maziwa madogo ya pembeni kama Kanyaboli nchini Kenya.