Njia ya Mawimbi Juu ya Bangwe

Tangu enzi ambapo misafara ya pwani ilikuwa ikikomea Ujiji, rasi ya Bangwe iliyo jirani imekuwa mahali pa habari zichelewazo: Burton na Speke waliondoka Mrima katikati ya mwaka 1857 wasilione Ziwa Tanganyika hadi Februari 1858, na kukutana kwa Stanley na Livingstone mwaka 1871 hakukujulikana Ulaya na Marekani ila katikati ya mwaka uliofuata. Reli, iliyofika Kigoma mwaka 1914, iligeuza miezi ikawa siku. Lakini ipo njia nyingine ambayo haikukanyaga ardhi hii kabisa, bali ilipita juu yake.

Wataalamu walikuwa wakishikilia kwamba mawimbi ya redio ya megahezi 50 na zaidi hunyooka moja kwa moja hadi upeo wa macho, hivyo yamfaa mtu wa Bangwe kuzungumza na ng'ambo ya Kongo, wala si zaidi. Mwaka 1946 mwanafizikia Edward Appleton alibainisha kwamba tabaka la umeme lililo juu ya anga haliwi zito zaidi juu ya ikweta ya sumaku yenyewe, bali kando zake mbili. Na mwaka 1947 watu wa redio ya ridhaa, wasio na mshahara wala amri ya serikali, wakasikilizana kwa megahezi 50 baina ya Mexico na Argentina, masafa ambayo elimu ya siku zile haikuyatarajia.

Barani mwetu ikweta hiyo hupita Uhabeshi, na Bangwe iko kadiri ya digrii 15 kusini yake, yaani chini ya ukingo mmojawapo wa tabaka lile zito, ambamo wimbi hupindwa kisha likaelekezwa kwenye ukingo wa pili pasipo kugusa nchi katikati. Ndiyo maana katika Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, 1957 hadi 1958, wanaridhaa wa Kupro na wa Salisbury (Harare ya leo), walioachana kwa kilomita zipatazo 5,900, walipokuwa wakijaribiana, njia yao ilipita juu ya nyika za baina ya Tabora na Kigoma, ile ile nchi ya wapagazi. Na mwishoni mwa miaka ya 1970 njia hiyo ikavukwa hata kwa megahezi 144.

Wala si wingi wa nguvu uliowafikisha, kwani mbingu zikiridhia wati chache hutosha. Kama nahodha angojavyo kusi na kaskazi, walijifunza kungoja jioni za Machi na Septemba katika miaka ya madoa mengi ya jua. Basi mwenye kuandika tarikhi ya mawasiliano ya Ujiji asiishie kwenye misafara na reli, maana mojawapo ya safari ndefu kabisa zilizovuka nchi hii haikuhitaji mpagazi, wala haikulipa hongo kwa mtu.