Sanamu za Mkunazini

Somo letu la leo ni juu ya sanamu za kanisani, na jinsi zilivyoingia katika Mji Mkongwe wa Unguja.

Kule Austria na Ujerumani ya kusini mafundi wa mishumaa walikuwa na kazi yao ya ajabu. Walichonga kalibu ya mti, wakamimina ndani yake nta ya nyuki iliyoyeyushwa. Ilipoganda, walitoa ubao wa nta wenye sura zilizobinuka, labda kuzaliwa kwa Yesu au Karamu ya Mwisho, kisha wakautia rangi. Asiyejua kusoma aliutazama akakifahamu kisa. Nta ya nyuki ilipita hapa bandarini pia, ikitoka bara. Lakini nta huanza kulegea kwenye joto la digrii 35 hivi, na jua letu mwalijua. Si ajabu basi kwamba makanisa ya hapa yalipambwa kwa vitu vigumu zaidi.

Minara Miwili, kanisa la Wakatoliki lililojengwa kati ya 1893 na 1898, lina visa vya Agano la Kale vilivyochorwa ukutani. Ni kazi nzuri, lakini nataka tukae zaidi Mkunazini.

Mwezi wa Juni 1873 Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa, huku Waingereza wakimtishia kuizingira bandari kwa manowari. Siku ya Krismasi mwaka huo huo Misheni ya Vyuo Vikuu iliweka jiwe la msingi la kanisa papo hapo sokoni. Askofu Edward Steere, yule mwanachuoni wa Kiswahili, aliisimamia kazi mwenyewe. Alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu. Husimuliwa kwamba madhabahu hiyo imesimama mahali pa mti waliofungiwa watumwa wakipigwa.

Nyuma ya madhabahu viko viti vya mapadre wakuu, vyenye mabamba ya shaba. Juu yake mna sura za watu wa Biblia, na majina yao kwa Kiswahili. Hilo kwangu ni jambo kubwa. Majina yangaliweza kuandikwa kwa Kilatini au Kiingereza, na mwenyeji akabaki kuuliza, "Huyu nani?" Uko na msalaba pia, wa mti uliotoka Chitambo, katika Zambia ya leo, ulikozikwa moyo wa Livingstone mwaka 1873.

Lakini hebu tuulize: wale waliouzwa pale, sura zao ziko wapi? Manabii wana shaba, Livingstone ana msalaba. Waliofungwa minyororo walikaa zaidi ya miaka mia bila sanamu yao. Ndipo mwaka 1998 Clara Sörnäs, mchongaji wa Sweden, alipoweka sanamu za watu watano ndani ya shimo uani, minyororo shingoni. Hawana majina, kwa Kiswahili wala kwa lugha nyingine. Wachongaji wetu wa milango walikuwa wakichonga minyororo siku zote, lakini ile ni nakshi, na wengi husema ni ishara ya ulinzi wa nyumba.

Atakayekwenda Mkunazini na aanzie shimoni, ndipo aingie kanisani kuitazama shaba.