Ufahamu Muda wa Kujibu Barua Pepe Kazini

Mkazi wa Mkula, wilayani Busega mkoani Simiyu, anapoiandikia Halmashauri barua pepe badala ya kusafiri hadi Nyashimo, huokoa nauli na siku ya kazi shambani. Unafuu huo hutoweka endapo barua haijibiwi, kwani safari inabaki palepale. Kwa hiyo, muda wa kujibu ni sehemu ya huduma, si hiari ya mtumishi.

Kipimo cha kwanza ni Mkataba wa Huduma kwa Mteja wa taasisi husika, unaoeleza huduma zitolewazo, viwango vyake na muda wa kuzitoa. Pale Mkataba unapotaja muda wa kujibu barua, mwananchi hupata msingi wa kudai, na mtumishi hujua mpaka wa ahadi yake.

Hata hivyo, kupokea barua si kutoa majibu. Suala linalohitaji kupekua jalada au kupata maelezo ya idara nyingine huchukua siku kadhaa. Inatosha mtumishi kumjulisha mwandishi mapema kuwa barua imepokelewa, nani anaishughulikia na lini majibu yatatolewa. Aliye likizo au safarini aweke ujumbe unaojituma wenyewe, ukimtaja anayekaimu nafasi yake.

Aidha, barua iliyotumwa usiku haimlazimu mtumishi kujibu usiku huo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki, na kwa kawaida inampa mfanyakazi mapumziko ya kila siku yasiyopungua saa 12 mfululizo. Nchini Ufaransa, tangu Januari 2017, sheria inazitaka kampuni kubwa kujadiliana na wafanyakazi kuhusu mawasiliano baada ya saa za kazi. Kiongozi wa kitengo anayetuma maelekezo jioni aeleze kama yanasubiri kesho. La dharura lipigiwe simu.

Kwa upande wake, mwananchi aandike kichwa cha habari kinachoeleweka, suala moja kwa kila barua, na namba ya simu. Muda ulioahidiwa ukipita, aandike tena akitaja tarehe ya barua ya awali. Asipojibiwa, awasilishe lalamiko katika taasisi husika au kupitia mfumo wa e-Mrejesho, unaopatikana pia kwa simu ya kawaida kwa kupiga *152*00#.